Kimita Kando ya Kitanda

Mama mkwe wangu alikuwa na ugomvi wa maisha na taa zinazowaka bure. Alitunza stoo ya kiwanda cha sabuni mpaka akastaafu, kisha akahamia kwetu na tabia zake zote. Ukitoka chooni umesahau taa, utamsikia: "Nani kaacha taa? Choo kinasoma gazeti?" Wanangu walimbatiza Bibi Swichi. Jina alilipenda, nami nilimpenda yeye, kwa hiyo mtu asinitazame vibaya kwa haya nitakayosema.

Mapafu yalipomchoka, hospitali ilitupa mashine ya oksijeni: boksi lenye magurudumu, mrija wa puani, na sharti moja. Isizimwe, mchana wala usiku. Umeme wetu ni wa kulipia kabla; yuniti zikiisha, giza. Tangu mashine iingie, yuniti zikawa hazifiki mwisho wa mwezi. Mara mbili ziliisha hatuna kitu, Mama akabaki anahema kama anayepanda ngazi, mpaka jirani alipoturushia waya wa umeme juu ya ukuta.

Mume wangu ni mpaka rangi, ila anajiona fundi wa kila kitu. Akaenda kwa fundi friji kuazima kimita, kidude unachokichomeka kwenye soketi, kisha unachomeka chombo chako juu yake, nacho kinakuambia umeme kiasi gani umeliwa. Tukapima nyumba nzima. Birika likafungiwa kabatini. Pasi ikahukumiwa bila rufaa. Cherehani yangu ya umeme, inayotulisha, haikukutwa na kosa kubwa, lakini hakimu alikuwa ameshapandwa na hasira. Nikarudia ile ya kukanyaga niliyorithi kwa mama yangu, yenye kelele za mvua juu ya bati.

Mwisho akapima mashine ya Mama. Kutoka asubuhi mpaka jioni ilikula yuniti nne. Vyombo vingine vyote, ukivijumlisha, havikufika hata nusu yake. Tukasimama kando ya kitanda. Mama akavaa miwani, akainama, akasoma mwenyewe.

"Mnahangaika na pasi," akasema, "kumbe kikulacho ki nguoni mwenu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nasi tukacheka. Kimita tukakiacha palepale, eti mume wangu atakuwa anakifuatilia. Laiti angekirudisha siku ileile.

Siku chache baadaye Mama aliomba kitanda kisogezwe karibu na soketi iliyo chini ya dirisha, eti apate hewa. Tukasogeza. Jioni kimita kikaonyesha tatu na ushei. Kesho yake tatu kasoro. Halafu mbili. Mume wangu akatamba nyumba nzima: "Si niliwaambia? Mashine ikishazoea inatulia!" Nikamwamini. Nilitaka iwe kweli, na mtu akitaka jambo liwe kweli hahitaji mwongo hodari. Kila nilipompelekea chai, mashine ilikuwa inaunguruma, mrija uko puani, Mama anatabasamu. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa na rangi nisiyoipenda. Nikasema ni ugonjwa.

Mchana mmoja uzi ulinikatikia katikati ya pindo. Nikaacha kukanyaga ili nitunge sindano. Nyumba ilikuwa kimya. Nikatega sikio nisikie ule mngurumo wa chumbani, nisiusikie.

Nilikwenda mbio, peku. Mama alikuwa ameegemea mto, macho amefumba, mrija ameukunja vizuri kifuani kama leso. Aliponisikia akanyoosha mkono kwenye swichi ya soketi, akachelewa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nazima kidogo tu, mwanangu. Nikikaa tu hivi... siitumii sana."

"Huitumii hewa?"

"Ukiacha kushona, nawasha," akasema, akipumzika kila baada ya neno. "Usimwambie mumeo. Anafurahi, masikini."

Nikaiwasha. Nikamgombeza kama mtoto, huku nalia. Nilikichomoa kile kimita nikakitupa uvunguni, swichi nikaibandika selotepu safu kwa safu. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Daktari alisema moyo wake ulifanya kazi bila hewa kwa muda mrefu mno, na hapakuwa na dawa ya kuurudisha.

Alikufa alfajiri moja, mashine ikiwa inaunguruma. Mkono wake ulikuwa ukutani. Selotepu ilikuwa imebanduliwa pembeni, na vipande vyake vingine vilikuwa kwenye kucha zake.

Mashine imerudishwa hospitali. Watoto wanaacha taa ya chooni ikiwaka na hakuna anayewafokea. Jana mume wangu alikwenda kutazama mita ya ukutani, akarudi, akakaa sakafuni.

Mwezi umeisha, na umeme umebaki.