Pindo Liguse Sakafu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya wimbo wa shule, wasichana walipiga magoti ukumbini ili kiranja apime sketi zao. Pindo likigusa sakafu, unaenda darasani. Lisipogusa, unarudishwa nyumbani. Shule ilikuwa ya binafsi, na ukutani pale getini paliandikwa kwa rangi ya bluu: HAPA MTOTO HUKUA.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye wenzake walimwita Kijiti, alikuwa amekua tangu Ijumaa. Mwalimu wa jiografia alisema mito yote huenda baharini, andikeni. Kijiti akanyoosha mkono. "Na ile inayoishia ziwani, mwalimu, imepotea njia?" Papo hapo akarefuka shubiri nzima. Mwalimu akafuta ubao na kusema kipindi kimekwisha, ingawa ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza.

"Vidole vinne juu ya sakafu," alisema kiranja. "Nyumbani."

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alimtazama bintiye akiinama kupita mlangoni, akachukua utepe wa kupimia.

"Umeuliza nini tena?"

"Mito, mama."

"Haya, simama wima."

Kitambaa cha rangi ya shule kilikuwa kimemwishia, kwa hiyo akaunga pindo kwa kipande cha pazia la sebuleni.

Wiki iliyofuata mwalimu wa biolojia alisema kuku hana meno. Kijiti akauliza ni nani aliyemchungulia mdomoni mara ya kwanza, na kichwa chake kikatoboa dari. Huko juu alikuta popo, nao wakasogea. Wenzake hawakuwa na shida hiyo. Wa kidato cha nne bado walivaa sketi walizoshonewa kidato cha kwanza, na wazazi waliisifu shule kwa jinsi watoto wanavyotunza nguo.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alikaa juu ya mito mitatu, maana bila hiyo, meza ilimzidi.

"Sketi ikipanda tena, tafuta shule nyingine. Umenisikia?"

Kijiti alimsikia. Aliipenda shule, hata popo alishawazoea, basi akafunga mdomo. Hakurefuka tena, pindo likagusa sakafu, kiranja akampongeza. Ila alikosa raha kabisa. Nyumbani alikula kimya, akanawa kimya.

"Mbona umepoa kama maji ya mtungi?" mama akamuuliza.

"Nikiuliza, nafukuzwa."

Mama aliuma uzi, akafikiri. Hofu alikuwa nayo, asikwambie mtu. Shule nyingine ilikuwa mbali, na yeye mwenyewe aliacha masomo njiani. "Sikiliza, mwanangu. Pazia la chumbani lipo. Mengine hayo utaamua mwenyewe."

Siku ya wazazi ilipofika, mwalimu mkuu alipanda jukwaani na rula mkononi, akamwelekezea Kijiti aliyekuwa amekaa chini, magoti kidevuni. "Wazazi wapenzi, hapa mtoto hukua. Jioneeni wenyewe!" Wazazi walijionea. Mmoja alimuuliza jirani yake kama soda zitakuwa baridi.

Kijiti akanyoosha mkono. Mwalimu mkuu akatafuta mkono mwingine, akaukosa.

"Mwalimu, kama hapa mtoto hukua, hawa wengine wanangoja nini?"

"Swali zuri," alisema mwalimu mkuu, na Kijiti akarefuka mpaka mabati yakalia. "Piga magoti."

Alipiga magoti. Hata hivyo mwalimu mkuu, pamoja na jukwaa lake, alimfikia kifuani tu. Kiranja akaja akapima, akatangaza dhiraa nzima.

"Nyumbani. Na usirudi."

Wageni walipiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema hapo ni makofi. Kijiti aliinuka taratibu asije akang'oa taa. Machozi yalimlenga, na mama yake, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa, yakamtoka kweli, maana alimwonea fahari. Alimshika kidole kimoja, ndicho kilichomwenea kiganjani, wakatoka kwa mlango mkubwa wa magari.

"Lilikuwa swali zuri," mama alisema njiani. "Na hakulijibu."

Ukumbini mwalimu mkuu aliuliza kama kuna swali lingine. Halikuwepo, wakaenda kunywa soda.