Zamu ya Spika

Kwa maneno ya jirani yao Chiku, Somoe ndiye aliyeiua amplifaya ya mke mwenzie. "Kwa macho yangu haya! Ya Mize imezimwa, imefunikwa na kitambaa. Somoe kawasha yake, kapandisha sauti, mara ile iliyolala ikafuka moshi. Kitu kilichozimwa kinaunguaje, kama si mkono wa mtu?"

Maneno yakaenea Utende nzima kabla harufu haijatoka ukumbini. Mize, bi mkubwa wa nyumba, akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Baleni.

Mchawi hakuwepo. Mume wao Shamte, mwendesha boti ya doria ya hifadhi, alinunua spika mbili tu. Kila mke alikuwa na amplifaya yake, aliyokuja nayo siku ya harusi. Shamte akazisokota nyaya za zote mbili kwenye spika zilezile, akasema, "Haya, mwenye zamu awashe, asiye na zamu azime." Akajiona mwadilifu.

Somoe aliibeba ile iliyoungua mpaka Kilindoni kwa fundi Gerson, akakaa kwenye benchi akitazama kila kilichofunguliwa.

"Mama, umeme wa yako ulipita kwenye nyaya za spika, ukamwingilia mwenzako kwa mlango wa uani," Gerson alisema. "Kuzima hakutoshi. Spika zikiwa kwa mmoja, nyaya za mwingine ziwe zimeachana nazo kabisa. Nyekundu na nyeusi, zote."

"Kama mume," Somoe alisema.

Gerson akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Hayo mnayajua wenyewe!"

Alibadilisha vilivyoungua, akampa na swichi ya kuchagulia, ya kwenda kuungia nyaya za spika nyumbani: huku ya mkubwa, huku ya mdogo, na katikati spika hazina mtu. "Zima zote kwanza, ndipo ugeuze," akamwonya.

Kutoka hapo Somoe hakupitia nyumbani. Alimkuta Mize uani Baleni, anamenya muhogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunifukisha moshi na mimi?"

Somoe akaiweka amplifaya mkekani, akamweleza yote, taratibu, akichora nyaya kwa kidole mchangani. Mize alisikiliza huku kisu kimesimama.

"Kumbe mchawi ni Shamte," alisema mwishowe, na mdomo ukamcheza. "Na Chiku umemwambiaje?"

"Nimemwacha. Akichoka atanyamaza."

"Yule? Labda azikwe."

Wakacheka wote wawili.

"Siku za zamu yako siwashi kitu," Somoe alisema. "Nyumba inakaa kimya. Mwanangu anauliza mama mkubwa yuko wapi. Dada, turudi nyumbani."

Mize akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya kutoka nchani. "Ngoja nimalize huu," alisema, "kisha nikafunge nguo zangu."