Kuchimba Dawa Mbele ya Mkwe

...na bado anasema Lamadi si mbali, si mbali kwa nani, kwake yeye aliyesimama pale mbele na kipaza sauti kama padri wa Pasaka, au kwangu mimi niliyebana miguu tangu Kisesa, na sasa tumeshaipita Magu, tumeipita na vyoo vyake vyote, eti tumechelewa, eti wanyama hutembea asubuhi, jua likikaza wanalala, basi walale, mimi simba nilishamwona kwenye kalenda, ninachotaka kuona sasa hivi ni kichaka kimoja tu, kichaka kizuri chenye majani... "Mkono wetu wa kushoto, mabibi na mabwana, ni ziwa letu..." asante sana, hilo ndilo nililokuwa nimebakiza, kuonyeshwa maji, mengi, yanametameta mpaka macho yanapoishia, usitazame huko, najiambia, Bernadeta, tazama kulia, tazama pamba za watu, tazama ng'ombe, hapana, ng'ombe yule naye anakojoa, amesimama katikati ya shamba bila wasiwasi wowote, ng'ombe ana bahati, hana mkwe.

Mwanamke mwingine angenyoosha mkono, yakaisha, maana kila aliyepanda basi nchi hii anajua neno la kusema, tunaomba kuchimba dawa, gari linasimama, wanaume upande huu, wanawake upande ule, mnarudi mnacheka, hajafa mtu, lakini huyu mwenye kipaza sauti ni Malimi, na Malimi ndiye aliyemwoa Modesta wangu, na sisi Wasukuma mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani kumpisha mwenzake, leo asubuhi pale Buzuruga ameniamkia huku akitazama tairi, "Shikamoo mama," na mimi nikalijibu tairi, marahaba baba, sasa mtu ambaye sijawahi hata kumwambia nina njaa, nitaanzaje kumwambia hili... Modesta alipopiga simu nilifurahi, mama, Malimi ameanzisha kampuni, anapeleka kundi lake la kwanza Serengeti, amekuwekea kiti, wewe hujawahi kupumzika maisha yako yote, nenda ukaone tembo, na unywe maji njiani, usikaushe mwili... sikunywa, tangu jana mchana sijanywa hata uji, nimejianika kama dagaa, nikafikiri nimeiweza safari, kumbe kibofu kina mahali pake kinapochota, sijui wapi, kila tuta la barabarani kinanikumbusha kwamba kipo, Salamu Maria, umejaa neema, hapana, hata neno kujaa sitaki kulisikia.

Na nikijikojolea... sema tu, uko peke yako humo kichwani, nikijikojolea kwenye kiti cha kosta hii aliyoikodi kwa safari yake ya kwanza, watu hawatazungumza habari za tembo, watasema lile gari la Malimi ambalo mama mkwe wake alifanya vile, kuanzia Mkuyuni mpaka Buswelu, nani tena atapanda, na mwanangu ataishi na utani huo mpaka azeeke, nimekunja kanga nikaikalia, lakini kanga moja itazuia nini, bwawa? Ningemnong'oneza Shamsa hapo mbele yangu amfikishie, jirani yangu, mwuza vitenge, anakunywa soda tangu tutoke na wala hatikisiki, huyu ana kibofu cha ngamia, lakini mnong'ono wa Shamsa unasikika mpaka sokoni, nampenda, ila siri hawezi, hajawahi kuiweza... huyo, anaanza, "We mwongozaji, mbona hukai? Kiti si hicho hapo pembeni ya Mama Modesta?" na sauti ya Malimi, ya chini, bila kipaza sauti, "Hapa panatosha mama, nimezoea," nimezoea nini, hajazoea chochote, kosta nzima imejaa na kiti kilichobaki ni hiki nilichowekea kikapu changu, na hawezi kukikalia kwa sababu mimi nipo, amesimama tangu Buzuruga, na mguu ule ndio wenye chuma, aligongwa na bodaboda mwaka jana, Modesta alilia kwenye simu, mama, wamemwekea chuma, na mimi nikasali novena nzima, leo nimekaa nyuma yake nanung'unika kwamba anaringa na maspika, kumbe anabadilisha mguu, anauinua kidogo, anaushusha, shati limelowa mgongoni, na bado anawaambia watu wacheke, jamani mtoto wa watu, anateseka, na mimi nateseka, hatua chache tu kati yetu, mmoja heshima imemsimamisha, mwingine heshima imemkalisha.

Mama yangu mzazi alikuwa hodari wa mambo haya, mume wangu akitokea kwenye uchochoro tu, mama yumo ndani ya mtama amejificha, siku moja akaingia penye siafu, wakampanda, asipige hata kelele mpaka mkwe alipopita, tulicheka miaka na miaka... lakini mwaka ule alipozidiwa, usiku wa mvua, njia ya kwenda hospitali imekatika, nani alimbeba, si kaka zangu, walikuwa Geita machimboni, alibebwa na mume wangu, mgongoni, amefungwa kwa kanga mbili kama mtoto, na mimi nyuma na taa, nikamsikia mama anamwambia, mkwe, nishike vizuri, naanguka, akamshika, mikono yake chini ya mapaja ya mama mkwe wake, na mbingu haikuanguka, tulifika, mama akaishi tena hadi akawaona wajukuu, na kila alipomwona mume wangu baada ya hapo aliendelea kumpisha njia, ila alimpisha huku anatabasamu... kwa nini nilikumbuka siafu tu miaka yote hii, nikasahau mgongo... "Tukifika getini, mabibi na mabwana, kuna huduma zote, na mwenye shida yoyote aseme, msione haya, tuko familia," anasema anatazama dirisha, upande ambao mimi sipo, na hiyo haya anayoisema anayo yeye mwenyewe, anaogopa kuniuliza kama mimi ninavyoogopa kumwambia, na kwani aibu hii ni ya nani hasa, kibofu hiki kilikuwa kizima, kilikaa kimya kama vibofu vya watu, kikaharibika siku nilipomzaa Modesta, siku mbili za uchungu, toto limekaa vibaya, mkunga ananipigia kelele sukuma, nikasukuma, akatoka yeye na nguvu zangu zikatoka naye, sijawahi kumwambia, angejilaumu, na sijutii, nasema mbele ya Mungu sijutii, mke anayempikia Malimi alitoka hapa hapa panaponiuma, sasa mkwe asipoijua shida hii aijue nani, mficha uchi hazai, na mimi nimezaa, nimekuzalia mke, baba, tuta jingine hilo linakuja, naliona, Mayala dereva halioni, Yesu wangu, anza na jina, jina lake sijawahi kulitamka mbele yake...

"Malimi. Malimi mwanangu, simamisha gari. Nataka kuchimba dawa. Halafu tukirudi uje ukae hapa."

Nimesema, au nimesema moyoni tu, hapana, nimesema, maana Shamsa ameacha kunywa, na gari bado linakimbia, ziwa bado liko kushoto, mimi bado nimebana miguu, na mkwe wangu amegeuka na kunitazama usoni, kumbe ana macho ya upole, Modesta hakuniambia.