Fosforasi Isiyowaka

Kofi la pili lilimng'oa mkemia jino. Alilitema sakafuni, akamkazia macho mumewe. Hasira aliyoimeza miaka yote ilikuwa imemfika kooni.

"Vizimba ni vyangu. Wageni wakija kesho, nitavionyesha mwenyewe."

"Kwani mkuu wa maabara hii ni nani?"

Ukuu wenyewe aliupata kwa kujipendekeza, lakini hayo tuyaache. Vizimba hivyo mkewe alivihangaikia mpaka akakonda. Alichanganya chuma na kemikali nyingine majini, vikajiunda vyenyewe, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Kila kimoja kilifungia ndani chembe ya fosforasi, ile inayowaka ikikutana na hewa tu. Ikiwa kizimbani, hata uimwage mezani, imetulia tuli.

Mume akanyakua kichupa chenye dawa ya vizimba hivyo. Akaona dawa ni kidogo, akaiongezea, na kwa kuwa miaka mingi hakuwa ameshika kazi kwa mikono yake, akamimina benzini akidhani ni maji. Akatikisa. Mkewe akanusa benzini. Benzini huingia kizimbani, huifukuza fosforasi na kukaa yenyewe.

"Usiimwage! Hiyo ni—"

Akadhani anabembelezwa. Akamtandika kiwiko cha mdomo, kisha akajimiminia kiganjani na kujipaka mikono yote miwili.

"Ona! Haiwaki! Kesho nawafanyia hivi hivi."

Benzini ikakauka. Mikono ikawaka.

Alipiga yowe akijipigapiga, moshi mweupe ukamfunika. Mkewe akamkamata kola, akamburuta, akamkandamiza mikono ndani ya sinki lililojaa maji. Moto ukazimika. Yule mjinga akachomoa mkono mmoja, ukawaka upya, ngozi ikabambuka. Mkewe akaurudisha majini kwa nguvu.

Alitamani kumwachia. Alitamani sana.

"Usiniachie, mke wangu!"

"Vizimba vya nani?"

"Vyako!"

Mlinzi aliingia mbio. "Mama, kuna nini?"

"Rudia, na huyu asikie."

"Ni vyako! Vyote vyako!" Alikuwa analia kamasi zikimtoka.

"Baba, njoo ushike hapa," mkemia alimwambia mlinzi. "Mikono isitoke majini, itawaka tena. Gari la wagonjwa naliita sasa hivi."

"Na wewe mama, unakwenda wapi na damu hiyo?"

Alivua koti la maabara, akafuta nalo mdomo.

"Naenda kwetu," alisema.