Fundichuma wa Kasha

Mkaratusi ule uliinama. Mtaa mzima wa Kasha uliona umeinama, isipokuwa Papa Blanchard, mwenye parseli, yaani kiwanja uliposimama, ambaye aliona kiota tu.

Na kiota, kusema kweli, kilionekana. Kiliijaza panda ya mti, lundo la vijiti kubwa kuliko pipa la maji, limeezekwa majani makavu, vipande vya mifuko na soksi moja ya mtoto wake mwenyewe. Mlango ulikuwa kwa chini, tundu lililosiribwa tope likalainika. Wenye nyumba walikuwa fundichuma wawili, ndege wa kahawia toka mkia hadi utosi, miguu myeusi, na kishungi kinachotokea kisogoni kikalingana na mdomo ulioko mbele. Ukimtazama kwa ubavu, kichwa chake ni nyundo tupu.

Pale mtaani hakuna anayegusa kiota cha ndege huyu. Ukikivunja naye bado yumo, nyumba yako itabomoka. Ndivyo wanavyosema, na wakata miti ndio wa kwanza kusema. Blanchard, anayepakia maboti ya Goma bandarini na kujiona mjuzi wa mambo yote, aliongezea lake alipomjibu mkewe, Gisèle.

"Mama Lucie, hii ndege inajuaka muti. Haiwezi kujenga kwenye muti yenye itaanguka. Wakati ziko mule, sisi tuko salama."

"Na mizizi? Mizizi iko inje, Papa Lucie! Udongo ya pale chini yote ilishaendaka na mvua. Na ile muti inaangalia chumba ya batoto."

"Wee unaogopa bure."

Gisèle alikuwa ameyasema hayo misimu miwili ya mvua. Aliyasema kwa upole, akayasema kwa makelele, akamwita hata shemeji yake Cyprien aje ayaseme kiume. Wapi! Mvua ikizidi, aliwahamishia Lucie na mdogo wake Destin sebuleni, na Blanchard akamcheka. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilimchosha kuliko kazi.

Kwa kuwa hakusikilizwa, alibaki kuwatazama ndege. Akifua kwenye chemchemi bondeni aliwaona wakitembea majini, wakichokoa tope kwa mguu; chura akishtuka tu, kwisha habari yake. Pengine walikusanyika kundi zima, wakazungukana wakipiga kelele, mmoja akapanda mgongoni kwa mwenzake na kusimama pale, bila sababu ambayo Gisèle aliweza kuiona. Lakini kilichomshangaza zaidi ni ujenzi. Jamani, viumbe hawa hawatosheki! Mwaka jana walijenga kiota kingine kizima kwenye mti wa chemchemi, wakakisiriba tope, wakakiacha. Hawakulala humo hata siku moja. Walirudi mkaratusini, basi. Wao wanajenga kwa sababu wanapenda kujenga.

Kiangazi makinda yaliruka, na tangu hapo kiota kikawa kitupu mchana kutwa. Mvua za kwanza za Septemba zilipoanza, Blanchard alikuwa uani asubuhi akipiga mswaki alipoona fundichuma akipita na kijiti mdomoni, akivuka bonde. Akafuata wa pili. Walikuwa wakipeleka vijiti kwenye mti wa jirani, ng'ambo.

"Mama Lucie! Kuja uone! Ziko zinahama!" Povu la dawa lilimchuruzika kidevuni. "Ziko zinakimbia muti! Itaanguka!"

Gisèle alitoka na mwiko mkononi. Alitazama ng'ambo, akamtazama mumewe. Ndege hawakuwa wanakimbia kitu. Jioni wangerudi kulala palepale, kama mwaka jana. Alifungua kinywa amwambie. Kisha akakifunga.

"Unaona?" Blanchard alisema.

"Ninaona."

Kabla ya saa sita Zagabe, mkata miti, alikuwa juu na kamba na msumeno. Aliingiza mkono kwenye tundu hadi begani, akatoa manyoya tu, akaridhika. Mti ulishushwa vipande vipande upande wa bondeni. Kisha mchana ule mvua ikanyesha, wala si kubwa sana, na kisiki kikang'oka chenyewe na udongo wake wote. Ukingo ulishuka nacho, ukaacha shimo karibu kabisa na dirisha la watoto. Blanchard aliketi kwenye ndoo.

Majirani walikuja kutazama shimo. "Ndege ndizo zimetuokoa," alimwambia kila aliyeingia. "Mimi niliziona, nikaelewa." Gisèle alikuwa akiwamiminia chai. Alivumilia, akavumilia, mwisho akaliweka birika chini kwa kishindo.

"Papa Lucie, zile ndege hazikukimbia. Zinajengaka vile kila mwaka. Angalia."

Fundichuma wawili walikuwa wakizunguka hewani pale mkaratusi ulipokuwa, wakilia, wakitafuta pa kutua.

Blanchard aliwatazama mpaka wakavuka bonde. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu mimi nilisema misimu miwili, ukanicheka. Ndege ikabeba kijiti asubuhi moja, ukaita Zagabe." Majirani wakainamia vikombe vyao. "Nikaona afazali niache ndege ndiyo iseme."