Kabla Ensio Hajakubali Kukatwa

Mume wangu Ensio alianguka kutoka kwenye ngazi akitoa majani kwenye mfereji wa paa, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba ana saratani. Mbavu zilimuuma, nikampeleka kituo cha afya huku akilalamika njia nzima, wakampiga picha. Mbavu zilikuwa nzima. Lakini yule daktari kijana aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko mbavu nzima zinavyostahili kutazamwa. Mimi nimeishi miaka mingi na mwanamume asiyesema mengi, najua ukimya wa kila aina, na ule haukuwa mzuri.

Vipimo vingine vilifanyika hospitali kubwa mjini. Walimpitisha kwenye mashine, wakamchoma sindano ndefu, na mwishoni tukaitwa kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba aitwaye Vuolle. Alituchorea pafu kwenye karatasi.

"Pafu la kulia lina vipande vitatu," alisema. "Uvimbe uko kwenye kipande cha juu, na bado mdogo. Tutaingia ubavuni kwa matundu madogo, na kamera. Tutatoa kipande chote pamoja na vitezi vya jirani. Kwa mtu mwenye hali kama yako, hiyo ndiyo njia yenye matumaini makubwa zaidi ya kupona kabisa. Siwezi kukuahidi. Wapo wachache ambao hawavuki upasuaji, na pumzi yako haitakuwa hii uliyo nayo sasa."

"Na nisipokatwa?"

"Kuna mionzi. Inasaidia. Lakini mimi kwako ningechagua kisu."

"Lazima ukichague," Ensio alisema. "Kisu chenyewe si chako?"

Daktari alicheka. Ensio hakucheka. Tulipofika kwenye gari alifunga mkanda, akatazama mbele, akasema, "Sikatwi."

Nilijua kinachomsumbua. Baba yake alipasuliwa tumbo Ensio akiwa kijana. Madaktari walifungua, wakaona, wakafunga, na wiki haikuisha mzee akawa amekwenda. Kijijini kwetu watu walisema ni hewa: ukifunguliwa tu, hewa inaingia, ugonjwa unashtuka na kukimbilia mwili mzima. Ensio alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Nilimweleza kwamba daktari nilimuuliza, akasema si kweli, kwamba ugonjwa wa mzee ulishasambaa kabla hawajamgusa.

"Daktari hakubeba jeneza, mama Riikka," alinijibu.

Riikka mwenyewe, binti yetu, alipiga simu kutoka Göteborg, nchi ya jirani, akilia. Baba yake alimwambia alale vizuri, akakata simu, akatoka kwenda kupasua kuni. Nilisimama dirishani nikimtazama anavyoinua shoka na kujishika ubavu. Nikaona mimi mwenyewe sitamweza. Nikampigia Tauno.

Tauno ni mdogo wake. Alikuwa dereva wa basi, sasa amestaafu, anakaa mjini ng'ambo ya ziwa na mkewe Maarit. Zamani hawa ndugu wawili hawakuachana. Kila Jumamosi Tauno alikuja kwetu, wakaingia sauna, kibanda chetu cha mvuke kando ya ziwa, wakatoka wekundu kama kamba wa kuchemshwa na kujitupa majini. Halafu Tauno akaugua utumbo. Alikuwa na vidonda kwenye utumbo mpana, anatoa damu, anakonda mpaka nguo zikamvaa yeye. Alipopasuliwa tulikwenda kumwona na maua ya njano. Alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. "Wamenitengeneza tumbo," ndiyo yote aliyotuambia.

Tangu hapo hakuingia tena sauna yetu. Leo gari lina pancha, kesho ana mafua, Jumamosi nyingine paka wa Maarit mgonjwa. Ensio alimsubiri, kisha akakasirika, kisha akaacha kumtaja. Aliamini kwamba mdogo wake ana sauna ya umeme huko kwenye fleti yake na sasa anauonea kinyaa moshi wa kuni za kwetu. Miaka tisa ilipita hivyo. Walikutana kwenye mazishi na Krismasi, wakazungumza habari za theluji.

"Amekataa kabisa, shemeji?" Tauno aliniuliza kwenye simu.

"Kabisa."

"Jumamosi mtawasha sauna?"

"Lini tuliacha kuwasha?"

"Basi nitakuja."

Alikuja na mkoba mdogo begani. Ensio alikuwa anabeba maji kutoka ziwani, akaweka ndoo chini.

"Paka wa Maarit mzima leo?"

"Yule paka alikufa mwaka juzi, kaka."

"Ooh. Ndiyo maana umepata nafasi."

Waliingia. Mimi nilifuata baadaye na bia na soseji, nikaviweka kwenye chumba cha kuvulia nguo. Kati ya chumba hicho na ule wa mvuke kuna mlango wa mbao usiofunga vizuri. Nilipaswa kutoka. Sikutoka.

Nilisikia maji yakimwagwa kwenye mawe na mvuke ukipiga kelele. Kisha sauti ya Ensio: "Mbona umejifunga taulo kama bibi harusi? Umeanza lini adabu hizi?"

"Nataka kukuonyesha kitu. Usiseme neno kwanza."

Nikasikia taulo likivuliwa.

"Nini hiyo?"

"Mfuko."

"Naona ni mfuko. Wa nini?"

"Wa mavi, kaka. Ulitaka nikwambie kwa Kilatini?"

Tauno akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kujisemea maneno hayo garini. Walimtoa utumbo mpana wote, alisema. Ule mwembamba wakautoa mdomo wake hapo tumboni, upande wa kulia, na huo ndio mlango wake mpaka kufa.

"Unauma?"

"Hauumi. Unajisemea tu wenyewe. Hasa kanisani, padri akitulia."

Nilisikia Ensio akianza kucheka na kuishia kukohoa.

"Kabla ya hapo," Tauno alisema, "nilikuwa naendesha basi nikijua kila choo kati ya hapa na mjini. Siku moja nilisimamisha basi lenye abiria nikakimbilia msituni. Siku nyingine sikuwahi msitu. Unanielewa? Daktari aliposema wanatoa utumbo, nilikataa kama wewe hivi. Maarit alilia mpaka akakauka. Nikakubali. Mshono wa ndani ukavuja, wakanirudisha mezani mara ya pili, na siku zile nilitamani kufa, sikufichi. Halafu nikapona. Nikala nyama. Nikaendesha basi miaka mingine bila kutafuta choo hata kimoja. Mimi wamenichukulia utumbo mzima, kaka. Wewe unaombwa kipande cha pafu, unajifungia ndani."

"Na baba?"

"Baba walimfungua nyumba ilishaungua. Lako wewe ni kaa la moto limeangukia zulia. Unaliacha?"

Maji yakamwagwa tena. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikashika kitasa cha mlango wa nje.

"Kwa nini hukuniambia?" Ensio aliuliza.

"Ungesema nini?"

"Sikukuuliza hilo."

"Niliona aibu. Sisi tumekua uchi kwenye benchi hili hili. Ningekaaje hapa na mfuko wa mavi?"

"Nilidhani umenikataa," Ensio alisema, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, hata siku alipomzika mama yake.

"Shuka benchi la chini, basi," Tauno alisema. "Joto la huko juu linayeyusha gundi ya mfuko wangu." Na nikasikia mbao zikilia, mume wangu anashuka.

Ningependa kusema kwamba Ensio alitoka humo amekubali. Alitoka amekasirika. Alikula soseji mbili bila kumtazama mtu. Tauno alikwenda bafuni kwetu kubadilisha mfuko, akaniaga mlangoni, "Gundi imetoka yote, shemeji, lakini nimepata mvuke wangu," akaondoka. Siku kadhaa Ensio alizunguka nyumbani akipiga milango. Saratani hakuitaja. Tulikuwa tunamenya viazi aliponiambia ghafla, "Miaka tisa. Alifikiri ningemcheka."

"Ungemcheka."

Aliendelea kumenya. "Ningemcheka siku ya kwanza tu," alisema.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu daktari Vuolle mwenyewe, akasimama wima jikoni kama anaongea na mkuu wa kiwanda. Alikuwa na sharti moja. "Ukikuta imesambaa, usinifunge kimya kimya. Niambie." Daktari alimjibu kwamba atamwambia kwa mdomo wake, siku hiyo hiyo.

Walimpasua Novemba, ziwa lilipoanza kushika barafu ukingoni. Jioni Vuolle alikuja kitandani akiwa bado na kofia ya upasuaji, akasema kipande kimetoka salama na hakuna alichokiona kwa macho cha kumtisha. Ensio, akiwa bado na usingizi wa dawa, alimwuliza kama hewa imeingia. "Imeingia," alisema daktari. "Imeingia na kutoka. Hewa haina kosa."

Lakini pafu lililobaki lilikataa kuziba. Mrija uliotoka ubavuni uliendelea kutoa mapovu kwenye chombo chake, na waliolazwa siku moja naye wakaenda nyumbani yeye akabaki. Nesi alimpa chupa yenye maji na mrija wa mpira, apulize kila saa ili pafu lifunguke. Tauno alikuja kila siku kwa basi, sasa akiwa abiria, akakaa kando ya kitanda akila mkate wa iliki niliouoka kwa ajili ya mgonjwa.

"Kiwandani ulikuwa fundi mkuu," alimwambia kaka yake. "Sasa umepandishwa cheo. Mpuliza mapovu."

"Usinichekeshe, mshenzi wewe. Panauma."

"Mimi nilipokuwa kitandani ulinichekesha na maua yako ya njano. Puliza."

Pafu liliziba. Halafu majibu ya maabara yakaja, na Vuolle alivuta kiti akakaa, nikajua. Uvimbe ulitoka wote, alisema, lakini kitezi kimoja kati ya vile walivyovitoa kilikuwa na chembe za saratani. Ingebidi apate dawa za mishipani.

"Unaona?" Ensio alinigeukia. "Imekimbia."

"Ilishafika hapo kabla sijaingia," Vuolle alisema. "Nisingeingia, ingekuwa hapo bado, na sisi tusingejua."

Majira yote ya baridi yale nilimwona Ensio akilitafakari jibu hilo, akikaa dirishani na ndoo ya kutapikia kando yake. Dawa zilimtesa. Masikio yalianza kuvuma na figo zikalalamika, na madaktari wakaacha kabla ya dozi ya mwisho. Sijui kama ile dozi tuliyoiacha ilikuwa na kitu chake. Hakuna aliyeweza kuniambia, na nimejizoeza kutouliza.

Sasa ni mwaka wa tatu. Picha zote tangu wakati huo zimetoka safi. Wiki ya kabla ya picha hatugombani kabisa, na hilo linanitisha kuliko kugombana. Kutoka ziwani kupanda hadi nyumbani Ensio hupumzika mara mbili, akijifanya anaangalia ndege. Kuni tunanunua zilizopasuliwa. Tauno naye amepata ngiri pembeni ya ule mdomo wa utumbo, anavaa mkanda mpana, na ameambiwa asiinue kitu kizito wala kukaza tumbo. Huenda watamkata tena. Anasema atafikiria, na Ensio humtukana kwa kusema hivyo.

Machi iliyopita walitaka kuvua sangara. Barafu ilikuwa nene bado, jua kali, sote tumevaa miwani. Waliburuta viti vyao mpaka katikati ya ziwa, wakasimama wakitazama ile keekee ndefu ya kutobolea barafu. Mmoja hana pumzi ya kuizungusha. Mwingine haruhusiwi kuikandamiza. Walitazamana, kisha wote wawili wakanitazama mimi.

"Shemeji," Tauno alisema kwa adabu kubwa.

Niliweka chupa ya kahawa chini, nikashika keekee, nikaanza kuzungusha. Barafu nyeupe iliruka hadi kwenye buti zangu. Wao walikaa kwenye viti.

"Inaegemea kushoto," Ensio alisema.

"Acha, iko sawa," Tauno alisema. "Ila azungushe taratibu."

"Taratibu? Akienda taratibu itaganda tena!"

Niliwaambia wanyamaze wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo ule, walinyamaza.