Posa kwa Mazabodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimevaa kanzu ya kuazima, nimeketi mkekani, na mbele yangu mazabodi ya kompyuta yangu mpya, ule ubao unaoshika vifaa vyote, amejifunga kanga anapokea posa.

Sikushangaa. Mimi ni fundi wa video za harusi, shughuli nazijua. Kilichonitia hofu ni sauti iliyotoka nyuma ya mlango: tak, tak, tak. Ilikuwa diski yangu ya zamani inakata roho, na ndani yake mlikuwa na harusi ya Raziki, nakala ya pekee. Kadi za kamera nilikwisha kuzifuta kwa kazi nyingine, ujuaji wangu huo. Mama yake Raziki, Bi Kidawa, siku ya harusi alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, na binti alishasafiri na mumewe. Asipoiona harusi hiyo kwangu, haioni tena. Nami nilimwambia aje leo saa nne, asiwe na wasiwasi.

Mshenga alikuwa bisibisi. Alisimama wima akakohoa.

"Shikamoo, Mama. Tumekuja na vijana wawili, wote SSD, diski za kisasa. Mchague mmoja umpe chumba, maana chumba chenyewe ni kimoja."

"Marahaba," akasema Mazabodi. "Aanze mkubwa."

Mkubwa hakuwa na jina la kampuni. Ubavuni aliandikwa TERABAITI MBILI kwa herufi za dhahabu, na alikuja na matarumbeta. Mdogo, mwenye nafasi ya nusu terabaiti, aliketi karibu na viatu.

"Wewe ni wa kizazi gani?"

"Cha tano, Mama."

"Mlango wangu ni wa kizazi cha nne. Ukiingia hapa utatembea mwendo wetu."

"Nitatembea."

"Kusoma na kuandika unajua?"

"Nasoma megabaiti elfu saba kwa sekunde."

"Na kuandika?"

Akatazama dari. "Elfu sita."

"Hapo kaongeza," bisibisi akaninong'oneza, "lakini posa isiyotiwa chumvi si posa."

"Una nafasi?" akauliza Mazabodi.

"Nafasi!" Mkubwa akacheka, akafungua kinywa, na kumbe ndani ni ukumbi wa harusi, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, mafeni yanazunguka.

Mkeka haupo tena. Nimesimama mlangoni mwa ukumbi, nakaribisha wageni. Wanatoka kwenye diski ya zamani mmoja mmoja, wanatembea vilevile nilivyowapiga video. Anaingia shangazi na chetezo cha udi. Anaingia shehe. Wanaingia wapiga matari. Karibuni, nasema, nafasi ipo. Najiona bwana shughuli kwelikweli.

Anaingia mgeni wa sitini na tano, namtafutia kiti. Kiti cha kwanza kitupu. Pale nilimkalisha shangazi.

"Shangazi yuko wapi?"

"Yupo," anasema Mkubwa. "Jina lake si hilo hapo kwenye orodha?"

Natazama. Jina lipo. "Na mwenyewe?"

"Kwani ulitaka jina au ulitaka mtu?"

Anaingia mwingine, shehe anatoweka. Wanaingia wawili, matari yananyamaza. Kila ninayemkaribisha ananipotezea mmoja, na majina yote yapo, yamepangwa vizuri.

Sasa amefika Raziki, na shela lake.

"Fundi, niingie?"

Tak, inasema diski ya zamani nyuma yake. "Upesi, mwanangu. Mimi ndiyo basi."

"Usiwe na wasi..." nikaanza, maana ndivyo ninavyowaambia wateja wote.

"Mama hakuniona," akasema Raziki. "Nikiingia humu, ataniona?"

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa nilitaka. Nilikuwa naogopa aibu yangu kuliko nilivyomwogopea yeye, na nilipolijua hilo nilijichukia.

"Sijui," nikasema.

Kutoka kwenye viatu Mdogo akainua kichwa. "Mimi saa zote hizo za watu kula pilau, na hotuba za mgeni rasmi, siwezi kuzibeba. Nafasi sina. Ila nikisema mtu yupo, yupo."

Mguu mmoja wa Raziki ulikwisha kuvuka kizingiti, nao hauonekani. Nikamdaka mkono, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

"Fundi! Hina haijakauka!"

Nikamsukumia kwa Mdogo. Mazabodi akajitanda kanga yake vizuri. "Huyu hana maneno mengi," akasema. "Mpeni chumba."

Nilizinduka kumekucha, jasho linanitoka. Kabla ya kulala nilikuwa nimehamishia harusi yote kwenye ile SSD kubwa, na kompyuta ikaniambia tayari. Nikaiwasha. Majina yote yapo. Nikafungua video ya shangazi: giza. Shehe: giza. Bibi harusi: giza. Kumbe ni ya bandia: uwezo wake gigabaiti sitini na nne tu, zilizobaki ni maandishi ya ubavuni.

Nikaunganisha diski ya zamani na ile SSD ndogo, nikachagua video moja tu, ya bibi harusi. Ilipita yote, dakika kumi na moja. Kisha diski ikasema tak, ikanyamaza moja kwa moja.

Saa nne Bi Kidawa akaingia na magongo yake.

"Shikamoo, mama. Wageni wamepotea, karamu imepotea, na kosa ni langu. Nimemwokoa mwanao peke yake."

Akakaa. Raziki akatokea kwenye kioo cha kompyuta, mlangoni na shela lake, na Bi Kidawa akalia kwa kwikwi, kiganja kimeshika kioo. Akataka nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu akaacha kulia, akasogeza uso karibu.

"Fundi," akasema, "nani kamshika mwanangu mkono hina haijakauka? Tazama, alama za vidole vinne hivi."

Nikautia mkono wangu mfukoni.